Rangi ya Kucha kwenye Bolti

Ayoo nyathina, mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumuuliza mtu afya yake. Yako naijua. Saa hizi uko kanisani na watu wa kwaya yenu, wanakuombea safari na kukulisha chapati, na kama upepo ungekuwa unatoka upande huo ningekusikia ukicheka kutoka hapa Kaloleni. Mimi nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nimeweka ule ubao wa kukatia vitambaa mapajani, na mbele yangu limesimama gari lako. Naandika huku nikilitazama. Ukiona mwandiko umepinda, ujue macho yalikuwa kwingine.

Nasema gari lako, ingawa ulimi haujazoea. Miaka yote imekuwa Pijo ya babu, kisha ikawa Pijo ya Mama Ayoo, na kesho alfajiri itatoka kwenye uwanja huu ikiwa yako, na wewe ndani, mpaka Lodwar unakohamia kikazi. Sitakuambia habari ya maji ya kunywa, wala ya kutoendesha gizani, wala ya kumpigia baba yako simu ukifika Kitale. Hayo umeambiwa wiki nzima, mpaka jana ukajifunika mto usoni. Nina jambo moja tu, lakini unanijua, sifiki sokoni bila kupitia kwa majirani.

Jambo lenyewe ni hili. Leo asubuhi ulipoipandisha Pijo mpaka Maseno na kuirudisha, ile injini uliyoifungua yote na kuifunga upya kwa mikono yako ilipata moto wake wa kwanza wa kweli. Injini ikishapata moto hivyo, halafu ikapoa kabisa, bolti zinazoshika hedi, yaani kile kichwa cha injini, hulegea kidogo. Ni lazima zikazwe tena kabla ya safari ndefu. Zisipokazwa, gaskiti, ile karatasi ya kuziba chini ya hedi, inaungua, maji na oili vinachanganyika, na mtu anabaki njiani. Na kati ya Kapenguria na Lodwar si mahali pa kubaki njiani.

Ulisema ukiwa unanawa mikono, "Mama, nitakaza kesho asubuhi kabla sijawasha, ikiwa baridi." Nikasema sawa. Lakini tangu hapo sijatulia. Je, usipoamka mapema? Je, marafiki wakija kukuaga, ukaona aibu kuvaa ovaroli mbele yao, ukasema itaenda tu? Spana yangu iko hapa karibu na mguu. Boneti unaifungua kwa kidole. Ni kazi ya muda mfupi, na wewe hungejua.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Angalau mkono mmoja uwe na kazi nyingine.

Unajua gari hili lilivyonifikia. Babu yako alipokufa, wajomba zako waligawana ng'ombe na shamba. Pijo ilikuwa nyuma ya ghala, magurudumu hayana upepo, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, na binti aliyeolewa haulizwi anataka nini. Kwa hiyo nilisema bila kuulizwa. Mjomba wako mkubwa akanitazama kama mtu aliyeomba apewe moshi wa jikoni. Akasema, "Chukua. Lakini kuku ni wetu."

Nilikuwa nashona sare za shule pale sokoni Kibuye, kama nifanyavyo mpaka leo. Kitu pekee nilichokijua kuhusu mashine ni kwamba cherehani ikianza kubadilisha sauti, unasimama, usisubiri ivunje sindano. Nikadhani hiyo inatosha. Haikutosha. Nilijifunza Pijo kwa kuiharibu. Mara ya kwanza nilipotoa hedi, niliizungusha injini ikiwa wazi ili nione pistoni zikipanda na kushuka, kwa furaha tu, kama mtoto. Silinda zikainuka kutoka mahali pake, na kazi yote ikabidi ianze upya. Mara nyingine nilifunga kila kitu, nikawasha, ikanguruma vizuri, halafu nikakuta nati mbili zimebaki kwenye sufuria. Baba yako, mwalimu mzima wa Historia, alinitazama, akatazama zile nati, akasema labda zilikuwa za ziada. Nilimpenda sana siku hiyo.

Sasa tuje Sondu. Najua, hii umeisikia kila Krismasi, na wewe mwenyewe huisimulia kuliko sisi tuliokuwepo. Lakini sijawahi kukusimulia kwa namna ninayoiona mimi, kwa sababu watu wakicheka hakuna nafasi.

Nilikuwa na mimba yako, tumbo limefika kwenye usukani. Nilikuwa nimefungua hedi na kuirudisha, na gari limeshatembea na kupoa, kama lilivyo lako leo. Tulikuwa twende kumwona mama yake baba yako, ng'ambo ya Sondu. Mimi nikasema nitakaza bolti asubuhi. Baba yako akalala akiwaza kuhusu lile tumbo langu likiinama juu ya injini. Nilipopitiwa na usingizi akachukua tochi na spana, akaenda akazikaza zote kwa nguvu zake zote, kama alivyokuwa ameniona nikifanya. Alitaka nikiamka aniambie, "Kaa chini, Mama, kazi imeisha." Lakini mimi niliamka kabla yake. Alipokuwa bado anakoroma nilikuwa nimeshavuta kila bolti robo mzunguko tena. Alipotoka nje alikuta nimefunga boneti na ninafuta mikono, akadhani nilikuwa naangalia maji. Akanyamaza ili asijisifu. Hivyo ndivyo watu wawili wanaopendana walivyokaza injini moja mara mbili.

Bolti ikivutwa kupita kiasi haikatiki hapo hapo. Inanyamaza. Tulienda vizuri, tukala, tukaaga. Wakati wa kurudi, tunapanda kutoka darajani, nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu, halafu mvuke ukafunika kioo chote. Nikaliegesha gari kando ya soko. Nikashuka ili nifungue boneti na hapo ndipo wewe nawe ukaamua.

Akina mama wa sokoni walinizunguka kabla sijajua ninahitaji kuzungukwa. Wakakunja kiti cha nyuma, kile kile cha kuku, wakatandika leso zao. Aliyekupokea alikuwa muuza mananasi, na kwa siku nyingi baadaye nguo zangu zilinukia mananasi. Mtu akapaza sauti, "Maji! Leteni maji!" Baba yako akakimbia mpaka mtoni, akarudi na mtungi, jasho linamtoka, akapita kando ya mlango tuliokuwa tumeufungua, akaenda moja kwa moja mbele kumimina kwenye rejeta ya gari.

"Yawa, Baba!" yule mama wa mananasi akampigia kelele. "Leta hiyo maji huku! Wewe unazalisha gari ama unazalisha bibi yako?"

Basi ukazaliwa njiani, na kwa watu wetu mtoto wa kike aliyezaliwa njiani jina lake halitafutwi. Ayoo.

Hapo ndipo watu hucheka, na baba yako hucheka nao, na lawama hubaki kwake pamoja na ule mtungi. Lakini kuna kipande ambacho huwa kinapita haraka. Asubuhi ile, nilipovuta bolti ya kwanza, mkono wangu uliniambia. Ilikuwa ngumu kuliko ilivyopaswa kuwa. Ningeweza kuita ndani, "Mwalimu, umegusa hapa?" Sentensi moja. Sikuita, kwa sababu kwa maoni yangu hakuna mtu mwingine katika nyumba ile aliyejua kukaza bolti. Nikavuta tu.

Na alipokiri, nilimnunia baba yako mpaka ulipoanza kukaa. Si kwa sababu ya bolti iliyokatika, hiyo ilitolewa na kubadilishwa. Nilinuna kwa sababu nilidhani haniamini. Nilimwambia, "Kama hujui kwamba najua kazi, sema." Yeye akajibu tu, "Nilitaka upumzike." Sikumwelewa. Nilifikiri ni kisingizio cha mwanamume. Imenibidi nizeeke, nikae kwenye ngazi hii na spana karibu na mguu, ndipo nimwelewe. Hakunidharau, aliogopa. Mtu anayekuogopea na mtu anayekudharau wakati mwingine wanavaa nguo moja, na mshonaji mimi sikuona tofauti.

Kutoka hapo ndipo ikaja sheria ya rangi ya kucha. Shangazi yako aliniletea chupa nyekundu kama zawadi ya uzazi. Maskini, hakujua kwamba kucha zangu zina grisi kuanzia Januari mpaka Desemba. Nikaipeleka kwenye boneti. Anayekaza bolti anaitia doa, nusu kwenye bolti, nusu kwenye chuma kilichoishika, ili yeyote atakayefungua ajue kazi imefanywa, na imefanywa na nani. Nyekundu ilikuwa mimi. Ulipofika kimo cha kuona ndani ya boneti bila kubebwa ukataka yako, ukachagua zambarau, na kwa muda kila kitu nyumbani kilikuwa na doa la zambarau, mpaka mguu wa meza. Baba yako hajapewa rangi mpaka leo.

Laiti ningekuwa nimejifunza somo zima pale Sondu. Nilijifunza nusu tu, nusu ya kupaka rangi.

Unakumbuka kabureta. Ulikuwa kidato cha tatu, likizo, ukaomba uisafishe peke yako. Ulikaa nayo siku nzima kwenye meza yangu ya kushonea, ukapuliza kila kitundu, ukaipanga. Ukaifunga na skrubu zote mifereji yake imesimama wima, zimepangwa kama wanafunzi paredi. Hata sikujua kwamba ulizipanga. Ulipoenda kuoga nikaifungua tena nikaangalia ndani, nikaifunga.

Asubuhi ulisimama mbele ya injini, ukatazama, ukaniuliza, "Mama, nani amegusa hapa?"

"Niliangalia tu."

"Uliangalia nini?"

"Ninahakikisha tu, mwanangu, si unajua gari ni mzee."

"Basi tengeneza wewe," ukasema. Ukaweka bisibisi juu ya meza taratibu. Afadhali ungeitupa.

Hukuligusa gari tena mpaka ulipomaliza mtihani wa kidato cha nne. Ulikuwa unapita kando yake kwenda kuanika nguo na hulitazami. Mimi nilijifanya sioni. Nilisema kwa majirani ni masomo, mtoto amebanwa na masomo. Ayoo, ile kabureta haikuwa na kosa lolote. Niliifungua, nikakuta kila kitu mahali pake, na badala ya kufurahi nikairudisha kwa mkono wangu. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Kilichokurudisha si maneno yangu. Ni ile mvua ya Kibuye, nilipokuwa na marobota ya sare ya kupeleka shuleni na Pijo ikagoma. Ulikuja kutoka nyumbani umeloa, hukusalimia, ukafungua boneti, ukatoa nyaya za plagi moja moja, ukazikausha kwa leso yako. Mimi nilisimama nyuma yako na mwavuli. Nilikuwa nimeona waya mmoja ambao ningeanza nao mimi. Unajua nilifanya nini? Nilishika mkono wangu mmoja kwa mwingine, nikaubana juu ya mpini wa mwavuli. Ukazikausha zote kwa mpangilio wako, ukaniambia, "Washa." Ikawaka. Ulitabasamu kidogo tu, ukaficha. Mimi nililia nikasema ni mvua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijifunza kusimama na mwavuli. Ni kazi ngumu kuliko kufungua injini. Injini ina mwisho.

Halafu ukatuletea ile spana ya kupimia, uliyoinunua ukiwa mafunzoni, ile inayolia "tak" bolti ikifika mahali pake. Nikaicheka. Nikasema miaka yote hii mkono wangu umekuwa ukilia "tak" bila betri. Ukaniambia haina betri. Nikasema basi. Lakini sikuicheka kwa sababu ni mbaya. Niliicheka kwa sababu nilielewa kwamba hutahitaji tena kuniuliza, "Mama, shika hapa, imetosha?" Nilikuwa napenda sana swali hilo.

Sasa fikiria. Ningeamka hapa dakika hii nikakaze kwa mkono wangu, nikazidisha kidogo kama ilivyo desturi yangu. Kesho asubuhi ungeweka spana yako, nayo ingelia "tak" mara moja, kabla bolti haijasogea. Ungedhani ziko sawa. Ungeondoka ukiamini kazi yako, kumbe chini yake kuna mkono wangu, umenyamaza. Nami ningebaki hapa nikijiita mama mwema.

Najua haya yote. Nimeyaandika mwenyewe hapo juu, kwa mwandiko wangu. Na bado, mahali hapa nilipoachia mstari, niliweka kalamu chini nikaenda.

Nilifungua boneti. Alama zako za zambarau za siku uliyofunga injini zimekaa vizuri, zote, hakuna iliyovuka mpaka. Nilikuwa nimeshaweka spana juu ya bolti ya katikati. Mlango ukalia nyuma yangu.

"Mama Ayoo."

"Naam."

"Unafanya nini hapo?"

"Naangalia oili."

Baba yako alikuwa na vikombe viwili vya chai. Akaitazama spana. "Siku hizi oili inaangaliwa na spana?"

Akaja akasimama kando yangu, tukatazama ndani pamoja, yeye ambaye mpaka leo hajui rejeta inaishia wapi.

"Mimi nilikaza mara moja tu," akasema, "na nimechekwa miaka yote hiyo. Wewe ukikaza leo, nani atacheka?"

"Naogopa, Baba Ayoo."

"Hata mimi niliogopa."

Akanipa chai, akanichukulia spana mkononi kama mtu anayempokea mgeni mzigo. Nikafunga boneti. Sasa tumekaa hapa ngazini wawili, na spana ameikalia ili nisiione. Anasema kiti ni kigumu. Pia anasema nikuandikie kwamba baada ya kazi kubwa aliyofanya leo anaomba apewe rangi.

Kesho nitakuwa jikoni nikipika chai yako. Dirisha litakuwa wazi. Nitasikiliza ile "tak" yako, na nikiisikia nitamshukuru Mungu kimya kimya. Nisipoisikia, sitatoka. Roho itaniuma, nitachoma maziwa, lakini sitatoka. Hilo ndilo nililokuwa nataka kukuambia tangu mwanzo, na ndiyo zawadi niliyo nayo, maana gari si zawadi, gari ulijitengenezea mwenyewe.

Na ukikwama, Ayoo, kama watu wote wanavyokwama, usione aibu kusimama kando ya barabara na kuita. Hukuzaliwa hospitalini penye mashuka. Ulipokewa njiani na watu ambao hawakuwa wamekuona wala kukusikia, na walikutandikia leso zao. Wapo kila mahali watu hao. Nami nitakuwa hapa, ukiniuliza nitajibu, usiponiuliza nitajaribu kunyamaza. Nitashindwa mara nyingine. Unisamehe mapema.

Nakupenda. Naandika wazi kwa sababu kesho tutakuwa tunashughulika na mizigo, na mimi nikizidiwa huwa nagombana na watu kuhusu kamba.

Barua hii naiweka ndani ya sufuria ya ugali, nimeifunga na kifuniko chake kwa mpira wa cherehani. Hutaifungua kabla hujapika ugali wako wa kwanza kule, kwa hiyo ukiisoma, umefika. Humo humo utakuta ile chupa yangu nyekundu. Mimi sina tena injini ya kuitia alama. Ipake kwenye kucha zako Jumapili, ukae kivulini, watu wa Lodwar wajue kuna mgeni.

Na asubuhi ile ya kuondoka, kabla hujaweka spana yako kwenye bolti hata moja, uliinama ukatafuta kama kuna nyekundu. Najua ulitafuta, kwa sababu unanijua.

Haikuwepo.

Mama yako